Sura ya Sita: Seli Hujuaje Mbele ni Wapi?

Katika miaka ya 1950, David Rogers, daktari wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt nchini Marekani, aliweka damu chini ya hadubini na kuelekeza kamera juu yake. Filamu aliyoipata ni fupi, haina rangi wala sauti, lakini hadi leo huonyeshwa katika madarasa ya biolojia. Ndani yake seli nyekundu za damu zimetulia kila upande, na katikati yao seli nyeupe moja, aina ya neutrofili, inamfukuza bakteria aitwaye Staphylococcus aureus. Bakteria anayumba huku na huko kwa mtikisiko wa majimaji. Seli nyeupe inamfuata. Akikata kulia, nayo inakata kulia. Ikikuta seli nyekundu njiani, inazisukuma kando na kupita. Mwishowe inamfikia, inamzingira na kummeza.

Neutrofili haina macho, haina pua, haina ubongo wala miguu. Hata hivyo hutambua adui aliko, hugeukia upande ule, kisha hujikokota hadi alipo. Katika kazi hizo tatu, ile ya kugeuka ndiyo yenye fumbo kubwa. Samaki huzaliwa na kichwa upande mmoja na mkia upande wa pili. Neutrofili iliyotulia ni duara tu, haina mbele wala nyuma. Sehemu yoyote ya uso wake inaweza kuwa mbele sasa hivi, na baada ya dakika chache sehemu hiyo hiyo ikawa mkia.

Mbele ya seli, basi, ni jambo linalotendeka. Hutengenezwa upya kila sekunde, na isipotengenezwa hutoweka. Mahali pake pa kutengenezwa ni pale utando wa mafuta unaoizunguka seli unapokutana na nyuzi za protini zilizo chini yake. Kwa muda mrefu utando huo ulifikiriwa kuwa ukuta wa kuzuia vya ndani visitoke na vya nje visiingie. Leo tunajua kwamba uamuzi wa seli kwenda huku au kule huandikwa kwenye mafuta yenyewe, na kwamba mafuta hayo na nyuzi huamua kwa pamoja. Sura hii inaeleza namna vitu hivyo viwili vinavyoafikiana, na madhara yanayotokea maafikiano hayo yakivunjika.

Mwindaji asiyehitaji kiini

Neutrofili ndizo nyingi zaidi kati ya seli nyeupe za damu. Kwa mtu mzima mwenye afya huwa nusu au zaidi ya seli hizo zote. Uboho wa mifupa hutengeneza takriban bilioni 100 kila siku, na nyingi hufa muda mfupi baada ya kuingia kazini. Usaha unaotoka kwenye jipu sehemu kubwa ni maiti zake. Moja ina upana wa mikromita 12 hadi 15, yaani ukizipanga 70 kwenye mstari hutimiza kama milimita moja. Ikiwa kwenye msako hutambaa mikromita 10 hadi 20 kwa dakika, ambayo ni karibu milimita moja kwa saa. Kwa kitu kidogo kiasi hicho, huo ni mwendo wa kasi.

Kinachoiita ni harufu ya kikemikali. Bakteria wanapotengeneza protini huanza na kipande cha pekee, methionini iliyobandikwa kikundi cha formili, na vipande hivyo huvuja kutoka kwao. Mwaka 1975 Elliott Schiffmann na wenzake walionyesha kwamba peptidi fupi za aina hiyo huvuta seli nyeupe kwa nguvu. Seli ina vipokezi vya peptidi hizo, navyo vimesambaa juu ya uso wake wote. Havikusanyiki mbele. Upande ulio karibu na bakteria hupata peptidi zaidi kidogo kuliko upande wa pili, na kwa tofauti hiyo ndogo seli hupata dira. Mwaka 1977 Sally Zigmond alipima ukali wa dira hii na kukuta kwamba neutrofili inaweza kujielekeza hata kama tofauti kati ya pande zake mbili ni takriban asilimia moja tu.

Tungeweza kudhani kwamba hesabu ya ustadi kama huo hufanyika kwenye kiini, mahali panapotunzwa maelekezo yote ya urithi. Sivyo. Neutrofili zikipashwa joto la kiasi, baadhi humeguka na kuacha vipande vidogo visivyo na kiini, na vipande hivyo huendelea kutambaa na kufuata kemikali. Mwaka 1999 Alexander Verkhovsky, Tatyana Svitkina na Gary Borisy walifanya jaribio la kustaajabisha zaidi kwa seli za ngozi ya samaki, ambazo nazo hutambaa kwa kasi. Walichukua vipande visivyo na kiini. Vingine vilikuwa vimetulia kama visahani vya duara, havina mbele wala nyuma. Waliposukuma upande mmoja wa kisahani kwa mkondo wa maji, kipande kilijikunja nyuma, kikatanuka mbele na kuanza kutambaa. Msukumo ulipokoma, kipande kiliendelea na safari yake.

Jaribio hilo linafaa kutafakariwa kwa utulivu. Kipande cha seli, chenye utando, nyuzi na majimaji tu, kilipewa msukumo mmoja nacho kikatengeneza mbele yake na kuitunza. Kwa hiyo chochote kinachoamua mbele ni wapi kimo katika vitu hivyo vichache. Tuanze na utando.

Mafuta machache yenye kazi kubwa

Mwaka 1925, huko Leiden, Uholanzi, Evert Gorter na François Grendel walitoa mafuta yote kwenye seli nyekundu za damu na kuyatandaza juu ya maji yawe tabaka moja jembamba. Eneo lililofunikwa lilikuwa mara mbili ya eneo la uso wa seli zenyewe. Walihitimisha kwamba utando wa seli una tabaka mbili za mafuta. Kila molekuli ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakwepa; mikia hujificha katikati, vichwa hutazama nje na ndani. Unene wa tabaka zote mbili ni nanomita 5 hivi. Mwaka 1972 Jonathan Singer na Garth Nicolson waliongeza jambo muhimu: tabaka hizo ni majimaji. Mafuta hayo, yaani lipidi, pamoja na protini huelea humo na kusafiri kwenda kando bila kukoma.

Katika tabaka la ndani, lile linalogusana na saitoplazimu, yaani majimaji ya ndani ya seli, kuna kundi dogo la lipidi zinazoitwa fosfoinositidi. Kichwa cha kila moja ni pete ya sukari aina ya inositoli, na pete hiyo ina nafasi tatu, ya 3, ya 4 na ya 5, ambapo vimeng'enya vya seli huweza kubandika au kubandua fosfati. Lipidi yenye fosfati kwenye nafasi ya 4 na ya 5 huitwa PIP2. Ikiongezewa ya tatu kwenye nafasi ya 3, inakuwa PIP3. PIP2 ni takriban asilimia moja tu ya fosfolipidi za utando wa nje wa seli, na PIP3 ni haba zaidi. Katika seli iliyotulia karibu haionekani.

Dalili ya kwanza kwamba mafuta haya yana kazi nyingine zaidi ya kuzuia maji ilipatikana mwaka 1953. Mabel na Lowell Hokin walichochea vipande vya kongosho ya njiwa kwa kemikali inayotumiwa na neva, huku wakifuatilia fosfati yenye mnururisho. Waliona fosfati ikiingia kwa wingi kwenye lipidi za tishu hiyo. Seli zilikuwa zimepokea ujumbe kutoka nje, na mafuta ya utando yakaitika. Ilichukua miaka 30 na zaidi kufika kwenye molekuli ambayo sura hii inaihitaji. Mwaka 1988 kundi la Lewis Cantley lilionyesha kwamba kuna kimeng'enya kinachobandika fosfati kwenye nafasi ya 3, ambacho leo tunakiita PI3K, na mwaka huo huo Alexis Traynor-Kaplan na wenzake waligundua PIP3 ndani ya neutrofili zilizochochewa. Seli zilezile za filamu ya Rogers.

Fosfati moja zaidi inaleta tofauti gani? Kila fosfati ina chaji hasi, na umbo la kichwa hubadilika kila inapoongezwa au kuondolewa. Ndani ya saitoplazimu zinaelea protini zenye kishikio kinacholingana na umbo moja na kukataa mengine. Kishikio kinachopenda PIP3 kikipita karibu na kiraka cha utando chenye PIP3, kinanasa hapo, na protini yote inanasa nacho. Hivyo seli haihitaji kutengeneza protini mpya ili kuanzisha kazi mahali fulani. Inabadilisha vichwa vya mafuta mahali hapo, na wafanyakazi waliokuwa wakielea wanakusanyika wenyewe. Hilo hutokea ndani ya sekunde.

Kuandika na kufuta

Ushahidi wa kuona kwa macho ulitoka kwa kiumbe asiyefanana nasi kabisa. Dictyostelium ni amiba wa udongoni. Kenneth Raper alimtenga kutoka kwenye majani yaliyooza ya msitu wa North Carolina katika miaka ya 1930. Amiba huyu hula bakteria, na chakula kikiisha, maelfu yao hutambaa kuelekea mahali pamoja wakiitana kwa kemikali iitwayo AMP ya mzunguko. Wanatambaa kwa namna inayofanana sana na ya neutrofili, nao ni rahisi kuwafuga na kuwabadilisha jeni.

Mwaka 1998 Carole Parent, Peter Devreotes na wenzao katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins waliunganisha kishikio cha PIP3 na protini inayong'aa kijani, wakaiweka ndani ya amiba hao, kisha wakawasogezea sindano nyembamba inayovuja kemikali. Mwanga uliokuwa umetawanyika ndani ya seli ulihamia ukingoni, upande unaoikabili sindano. Mng'ao huo uliandama mbele ya seli. Miaka miwili baadaye, mwaka 2000, Guy Servant, Henry Bourne na wenzao waliona jambo hilo hilo kwenye seli za jamii ya neutrofili. Tofauti ndogo iliyokuwa nje ilikuwa imekuzwa ndani na kuwa tofauti kali: PIP3 tele upande mmoja, na karibu hakuna upande wa pili.

Ukali huo unadai maelezo, kwa sababu utando ni majimaji. Lipidi moja inayoelea kwenye utando inaweza kuvuka upana wa seli kwa nusu dakika hivi. Kama seli ingeandika PIP3 mbele na kuacha hapo, muda mfupi baadaye PIP3 ingeenea kila mahali, na mbele ingekuwa pande zote, ambayo ni sawa na kutokuwa na mbele. Kwa hiyo kuna mfutaji. Mwaka 1997 watafiti wa saratani waligundua jeni waliloliita PTEN, ambalo hupotea au kuharibika katika uvimbe wa aina nyingi. Mwaka uliofuata Tomohiko Maehama na Jack Dixon walionyesha kazi yake: PTEN hubandua ile fosfati ya nafasi ya 3 na kurudisha PIP3 kuwa PIP2. Mwaka 2002 maabara mbili, ya Devreotes na ya Richard Firtel, zilionyesha kwamba katika amiba anayetambaa, PI3K hukaa mbele na PTEN hukaa pande na nyuma.

Uso wa seli ni kama ubao wa darasani wenye mwandishi mmoja mbele na mfutaji anayezunguka kwingine kote: neno linasomeka kwa sababu mfutaji hachoki. Katika neutrofili mfutaji mkuu ni mwingine, SHIP1, ambaye hubandua fosfati ya nafasi ya 5. Mwaka 2007 ilionyeshwa kwamba neutrofili za panya zisizo na SHIP1 hujitandaza ovyo na kupoteza umbo la mwendo. Kemikali inayoziita ipo, vipokezi vipo, nguvu ipo. Kilichokosekana ni ufutaji.

Nyuzi zinazosukuma

Mafuta hayatembei. Chini ya utando kuna kiunzi cha seli, mtandao wa nyuzi za protini unaoipa seli umbo na nguvu, na uzi muhimu kuliko zote kwa mwendo ni aktini. Brúnó Straub aliitenga kwenye misuli katika maabara ya Albert Szent-Györgyi huko Szeged, Hungaria, mwanzoni mwa miaka ya 1940, na kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa mali ya misuli. Kumbe karibu kila seli yetu inayo. Kwenye seli nyeupe ni takriban sehemu moja ya kumi ya protini zote.

Molekuli za aktini huelea moja moja, kisha huungana na kuwa uzi wenye unene wa nanomita 7. Uzi hukua kwa haraka upande mmoja, na katika seli inayotambaa upande huo huelekea kwenye utando. Kila molekuli inayoongezeka hurefusha uzi kwa nanomita 2.7. Kwa seli inayokwenda mikromita 15 kwa dakika, hiyo ni kama molekuli 90 kwa sekunde kwenye ncha ya kila uzi.

Namna uzi unavyosukuma utando ilielezwa kwa hesabu na Charles Peskin, Garrett Odell na George Oster mwaka 1993, ikaboreshwa mwaka 1996 na Alexander Mogilner na Oster. Kila kitu kidogo kiasi hiki hutikisika kwa joto la kawaida. Utando unacheza mbele na nyuma, na ncha za nyuzi zinapinda na kunyooka. Mara kwa mara nafasi ndogo hufunguka kati ya ncha na utando. Molekuli ya aktini ikiwahi kuingia hapo na kujiunga, utando hauwezi tena kurudi pale ulipokuwa. Mtikisiko usio na mwelekeo hugeuzwa kuwa mwendo wenye mwelekeo.

Uzi mmoja mrefu ungejipinda tu. Ili usukume lazima uwe mfupi na wenye kuegemea wenzake. Kazi hiyo hufanywa na kundi la protini saba liitwalo Arp2/3, lililogunduliwa mwaka 1994 na Laura Machesky, Thomas Pollard na wenzao ndani ya amiba. Arp2/3 hukaa ubavuni mwa uzi uliopo na kuotesha tawi jipya kwa pembe ya digrii 70 hivi. Matawi yanaotesha matawi, hadi ukingo wa mbele wa seli unajaa kichaka kinachosukuma utando kama bapa jembamba.

Je, vitu hivyo vinatosha kweli kuzalisha mwendo? Jibu lililetwa na bakteria mwingine, Listeria, ambaye akiingia ndani ya seli huchochea Arp2/3 juu ya mgongo wake na kusukumwa na mkia wa aktini. Mwaka 1999 huko Ufaransa, Marie-France Carlier na wenzake walimweka bakteria huyo kwenye chupa yenye protini chache safi walizozichanganya wenyewe: aktini, Arp2/3, protini za kuvunja na kuziba nyuzi, na nishati ya ATP. Hapakuwa na seli. Bakteria akaenda.

Ila Arp2/3 peke yake ni mvivu. Huhitaji kuamshwa, na mwamshaji mmojawapo katika seli nyeupe ni protini iitwayo WASP, ambayo hujikunja na kujifunga yenyewe mpaka iguswe na vitu viwili pamoja: swichi ndogo ya protini iitwayo Cdc42, na PIP2 ya kwenye utando. Hapo ndipo mafuta na nyuzi vinapokutana uso kwa uso. PIP3 nayo huvuta protini zinazowasha swichi ya pili, Rac. Mwaka 1992 Anne Ridley, Alan Hall na wenzao huko London walionyesha kwamba Rac ikiwaka, seli hutandaza ukingo wake kwa aktini, na ndugu yake Rho ikiwaka, seli hukaza nyuzi za kuvuta. Mbele hutawaliwa na Rac. Nyuma hutawaliwa na Rho, ambayo huamrisha mayosini, protini ileile inayokaza misuli, ibane na kuuvuta mkia.

PIP2 ina kazi ya pili iliyo kinyume na ya kwanza. Huzishika protini zinazoushona utando kwenye aktini iliyo chini yake. Penye mishono mingi, utando hauchomozi kwa urahisi; mishono ikilegea, utando unaachia. Kwa hiyo seli inayotaka kuchomoza mahali fulani huotesha matawi hapo, na pia hulegeza mishono hapo.

Jibu linalorudi

Mpaka hapa masimulizi yamekwenda upande mmoja: kipokezi kinaamrisha mafuta, mafuta yanaamrisha nyuzi. Mwaka 2002 kundi la Bourne, akiwemo Orion Weiner, lilionyesha kwamba amri hurudi pia. Walipozuia aktini isijiunge, PIP3 ya mbele ilidhoofika. Nyuzi zinazojengwa kwa sababu ya PIP3 husaidia kuzalisha PIP3 zaidi mahali palepale. Mbele hujilisha yenyewe, na ndiyo maana kile kisahani cha seli ya samaki kiliendelea kutambaa msukumo ulipokwisha.

Kinachojilisha hivyo kingeweza kusambaa hadi kuimeza seli yote. Nini kinakizuia? Mwaka 2012 Andrew Houk, akiwa katika maabara ya Weiner, alitoa jibu zuri. Alizipasha joto neutrofili hadi mbele yake ikajitenga na mwili, vikabaki vimeunganishwa na uzi mwembamba wa utando, mrefu mno kwa ujumbe wa kikemikali kuvuka upesi. Mwili haukutengeneza mbele nyingine. Uzi ulipokatwa, mwili ukaanza kujichomoza. Kulikuwa na ujumbe uliopita kwenye uzi huo, nao ulikuwa mkazo. Mbele inaposukuma, utando mzima unakazika, na mkazo huo unafanya kila sehemu nyingine ishindwe kuchomoza. Mkazo ulipoongezwa kwa kufyonza utando kwa mrija mwembamba, Rac ilizimika hata mbele. Ulipopunguzwa kwa kubadilisha chumvi ya maji, Rac ikasambaa kote.

Utando, basi, una sauti mbili. Kwa vichwa vya mafuta yake hutangaza mahali pa kusukuma, na kwa mkazo wake hutangaza kwamba mahali hapo tayari pamepatikana. Sauti ya kwanza ni ya mahali pamoja, ya pili ni ya seli nzima. Seli isiyo na ubongo hupata uamuzi mmoja kwa kusikiliza zote mbili.

Mwaka 2007 ulileta matokeo yaliyowalazimisha wataalamu kufikiri upya. Oliver Hoeller na Robert Kay huko Cambridge, Uingereza, waliondoa kwa amiba jeni zote tano za PI3K zinazohusika, pamoja na ile ya PTEN. Mwandishi na mfutaji wote waliondoka. Amiba hao walitambaa kwa shida kiasi, lakini waliendelea kuifuata kemikali. Mwaka huo huo Natalie Andrew na Robert Insall walitazama namna amiba wa kawaida wanavyogeuka, wakaona kwamba kwenye kemikali hafifu hawatengenezi mbele mpya kuelekea inakotoka. Mbele iliyopo hugawanyika mara mbili bila sababu ya nje, kisha tawi linaloelekea vizuri hudumishwa na jingine huachwa.

Matokeo hayo yalikanusha wazo jepesi kwamba PIP3 ni dira pekee. Kilichobaki ni wazo lenye nguvu zaidi. Seli daima inajaribu kuchomoza. Mafuta, swichi na mkazo huhukumu kila jaribio: hili liendelee, lile life. PIP3 ni mmoja wa mahakimu, mwenye nguvu sana katika seli zingine na mwenye nguvu kidogo katika nyingine, na viumbe vimejiwekea akiba ya njia zaidi ya moja kwa sababu seli isiyojua kwenda haiishi.

Mwelekeo ukipotea

Mwaka 1937 Alfred Wiskott, daktari wa watoto huko Munich, aliandika kuhusu ndugu watatu wa kiume waliotokwa na damu ovyo, waliokuwa na ukurutu na maambukizi ya masikio yasiyokoma. Dada zao walikuwa wazima. Mwaka 1954 Robert Aldrich alionyesha nchini Marekani kwamba ugonjwa huo hurithiwa kupitia kwa mama na kuwapata wavulana. Jeni lenyewe lilipatikana mwaka 1994, na protini yake ikapewa jina la ugonjwa: WASP, yule mwamshaji wa Arp2/3. Watoto hao wana seli za kinga, lakini baadhi ya seli hizo hazijengi kichaka cha aktini ipasavyo zinaposogea, zinapokumbatiana na seli nyingine na zinapomeza adui. Nusu karne kabla ya yeyote kujua kwamba WASP husikiliza PIP2, watoto walikuwa wakifa kwa ukosefu wake.

Saratani ni kosa la upande wa pili. PTEN ikipotea, PIP3 haifutwi, na seli hupata amri ya kukua na kuishi isiyokoma. Ndiyo maana PTEN ni miongoni mwa jeni za kuzuia uvimbe zinazopotea mara nyingi kuliko zote kwa wagonjwa. Jeni la PI3K nalo hubadilika kwa takriban asilimia 40 ya saratani za matiti zinazotegemea homoni, na mwaka 2019 Marekani iliidhinisha alpelisib, dawa inayoikandamiza. Inafaa kukumbuka pia kwamba wengi wanaokufa kwa saratani hufa kwa sababu seli zake zilihama kutoka pale zilipoanzia. Mitambo ya kutambaa iliyoelezwa katika sura hii ndiyo seli hizo huitumia kuondoka.

Kisha kuna uzee, ambao si ugonjwa na utatufikia sote tukijaliwa. Wazee hufa zaidi kwa nimonia kuliko vijana, na wengi tumezoea kusema kwamba kinga yao imechoka. Mwaka 2014 Elizabeth Sapey, Janet Lord na wenzao huko Birmingham, Uingereza, walitazama neutrofili za wazee wenye afya zikitambaa. Hazikuwa zimepunguza kasi. Zilikwenda kama za vijana, ila zilipotea njia: zilizunguka, zilikata kona zisizohitajika, zilichelewa kufika. Na seli ya aina hii ikitangatanga ndani ya tishu hudhuru, kwa kuwa vimeng'enya inavyobeba kwa ajili ya bakteria huweza kuyeyusha nyama ya mwili inakopita. Watafiti walipotafuta chanzo walikuta PI3K iliyokuwa ikifanya kazi muda wote, hata bila ya kuitwa. Walipoipunguza kwa dawa katika maabara, seli za wazee zilinyoosha njia.

Matokeo hayo bado yako mbali na hospitali, na dawa ya kupunguza PI3K kwa mzee mwenye nimonia lazima ijaribiwe kwa uangalifu mkubwa kabla ya kuaminiwa. Lakini yanabadilisha swali tunalopaswa kuuliza. Tiba nyingi za kinga zimelenga kuongeza idadi ya seli au kuzipa nguvu zaidi. Neutrofili za wazee wale zilikuwa na nguvu za kutosha. Zilichohitaji ni uandishi wa PIP3 upungue, ili zitofautishe tena mbele na nyuma. Tukijifunza kusahihisha maandishi hayo bila kuvunja utando unaoyabeba, tutakuwa tumepata njia ya kumlinda mzee kwa askari alionao tayari.